Dhahabu Kwenye Jiwe la Mtego

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwa Profesa, mkono juu ya kitasa. Alikuwa amenipigia simu na kusema maneno matatu tu: "Njoo peke yako." Nimepokea wito mwingi maishani, lakini wito wa peke yako haujawahi kuniletea heri.

Kwa aliyekosa yaliyotangulia, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mhandisi wa barabara. Nilijenga barabara mpaka siku ukuta mmoja wa kuzuia udongo uliposhuka wote mbele ya macho yangu. Mahesabu yangu yalikuwa sahihi, ila mwamba wa chini ulikuwa na mambo yake ambayo sikuwahi kuyauliza. Nikaona nimekuwa nikijenga juu ya kitu nisichokijua. Nikaacha kazi, nikarudi chuo kikuu kusoma jiolojia na uchimbaji madini, darasa moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa.

Wakanipachika jina la Mama Lami. Mawifi zangu walisema nimerukwa na akili. Mama yangu mzazi aliniuliza kama mawe yana pensheni. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia nenda, naye ni mume wangu, baba wa mapacha wangu. Kwa hilo nilimshukuru sana, kisha kadiri siku zilivyokwenda nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, maana mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimia vizuri kupita kiasi, naanza kujiuliza unataka nini.

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa juu ya kilima. Profesa mwenyewe ndiye aliyenipa. Kilima hicho ndicho kilichompa jina, kwani alipokuwa bado msichana aliandika kwamba kimejaa dhahabu, na mpaka leo akialikwa kuzungumza mahali anaalikwa kwa ajili hiyo. Mimi nilitakiwa kuchukua fito za mwamba zilizotolewa na mashine ya kuchoronga, zile ndefu za mviringo zenye unene wa mpini wa jembe, nizisage, nizitie mifukoni na kuzipeleka maabara. Majibu ndiyo yaliyokuwa yamerudi.

Basi nikazungusha kitasa, nikaingia.

Profesa hakunikaribisha kiti. Ni mama wa makamo, mpole, hana makuu, anakuita mwanangu hata kama umri wenu haupishani sana. Siku hiyo aliniacha nisimame kama aliyekuja kuomba kazi.

"Mifuko mitano imetoa dhahabu," akasema.

Nusura nicheke kwa furaha. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa na kile kilima. Kila ufito nilioutazama kwa lenzi ulikuwa mwamba mkavu usio na dalili yoyote. Nikafungua kinywa kumshukuru Mungu, na Profesa akanikatiza.

"Miwili kati ya hiyo ni mawe yako ya mtego."

Furaha ikanikauka mdomoni.

Niwaelezeni, maana hapa ndipo kisa changu kilipo. Katika kazi hii hatuamini mtu, na nadhani ndiyo sababu niliipenda. Katikati ya mifuko yako unachomeka jiwe ambalo unajua kwa hakika halina kitu. Unalisaga kama mengine, unalipa alama kama mengine, ili maabara wasilitambue. Hilo ndilo jiwe la mtego. Likirudi halina kitu, unajua vipimo ni safi. Likirudi na dhahabu, ama kuna uchafu mahali ama kuna ulaghai. Na desturi ni kwamba mwanafunzi anamwambia msimamizi wake peke yake mitego iko mifuko ipi. Hamwambii mwenzake wala hamwambii mwenye maabara.

Mawe yangu ya mtego niliyatoa kwenye machimbo ya kokoto, yale niliyochimbia kokoto za barabara kwa miaka. Lile jiwe nalijua kama ninavyowajua wanangu. Kama lina dhahabu basi nusu ya barabara za nchi hii zimetandikwa utajiri.

Nikasema labda maabara ni wachafu. Profesa akasema ameshawauliza, wamerudia kupima, na mawe ya wanafunzi wengine yaliyopimwa siku hiyo hiyo ni safi kabisa.

"Kwa hiyo kuna mtu aliyetia dhahabu mifukoni," akasema. "Tulimalize kwa amani. Niletee nusu ya pili ya zile fito, tupime upya."



Mwanajiolojia yeyote, hata wa mwaka wa kwanza, anajua kwamba ufito wa mwamba hupasuliwa katikati kwa urefu. Nusu inasagwa na kwenda maabara. Nusu ya pili inalazwa kwenye sanduku lake, inabaki pale kuwa shahidi. Likitokea la kutokea, unamrudia shahidi.

Mimi sikuwa na shahidi. Nilizisaga zote.

Sikufanya kwa hila, jamani. Nilifanya kwa mazoea. Kwenye barabara jiwe ni la kuvunjwa. Tunachukua mzigo mkubwa, tunauvunja wote tujue nguvu zake, na yanayobaki tunayatupa kwenye lundo. Tunaamini ukipima kingi unapata jibu la kweli zaidi. Kwa hiyo nilipofika kwenye banda la mawe la idara nikaona kusaga nusu ni uvivu wa vijana. Nikasaga nusu zote mbili, tena huku nikiimba.

"Ulisaga zote?" Profesa aliuliza, macho yakamtoka kama mtu anayesikia habari ngeni.

Lakini haikuwa habari ngeni. Siku ile nilipokuwa nasaga alipita bandani. Nusu zote mbili zilikuwa juu ya sinia mbele yangu, na mashine ilikuwa inanguruma. Akaniuliza hali ya mapacha, akatabasamu, akapita zake. Hilo nililiweka moyoni. Sikulisema, kwa sababu aliyeshikwa na ngozi hana uso wa kuuliza maswali.

Akaniambia kamati ya nidhamu itakaa Alhamisi. Nikishindwa kueleza ile dhahabu imetoka wapi nitafukuzwa chuo, na aliyefukuzwa kwa kughushi vipimo hapewi tena kazi ya vipimo popote, si ya madini wala ya barabara. Nilikuwa nimeacha kazi moja kufuata nyingine. Sasa nilikuwa natolewa kote kuwili.

Nikatoka ofisini nikiwa na mshukiwa wangu tayari.

Kuna kijana darasani tunamwita Kamusi, kwa sababu hakuna jiwe asilolijua jina. Yeye ni wa kwanza darasani, mimi ni wa pili, na siku za karibuni nilikuwa nimeanza kumkaribia. Ndiye aliyenisaidia kufunga ile mifuko. Nani mwingine angenufaika nikianguka? Nilikwenda kumtafuta nikiwa nimekunja mikono ya shati.

Nilimkuta bandani anaramba jiwe. Msishangae, ndivyo wanavyofanya. Jiwe likilowa rangi zake zinaonekana vizuri, na kwa Kamusi ulimi uko karibu kuliko bomba.

Sikumzungusha. Nikamwambia najua ni yeye, na kwamba akikiri sasa nitamwombea kwa Profesa. Aliendelea kulitazama jiwe lake, akalifuta kwa shati, akaliweka mahali pake. Kisha akaniomba nimweleze kuna nini, kwa sababu yeye hata majibu hajayaona. Nikamweleza, nikimchungulia usoni kila neno. Nilipofika kwenye mawe ya mtego akainua kichwa.

"Mama Lami, hebu tulia. Mimi nikitaka kukuharibia, au kukusaidia, nitatia dhahabu kwenye mtego?"

"Kwa nini usitie?"

"Kwa sababu najua kuna mtego. Hapa idarani kila mtu anajua. Nisingejua ni mifuko ipi, kwa hiyo nisingethubutu kugusa hata mmoja. Aliyefanya hivi hajui kama kuna kitu kinaitwa jiwe la mtego. Huyo si mwenzetu. Huyo ni mtu wa nje."

Sipendi kushindwa na watoto, lakini hoja ilikuwa imenyooka.

"Tena," akaongeza, "mimi si ndiye niliyekwambia usisage zote? Ukanijibu nini?"

Nilimjibu kwamba nilianza kuvunja mawe kabla hajaota meno. Nilikumbuka vizuri. Nikamwambia yaishe, na hiyo kwa upande wangu ndiyo samahani.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nifikirie. Mtu wa nje. Mifuko ile iligusana na nani wa nje? Nilipomaliza kuifunga ilikuwa Ijumaa na ghala la idara lilikuwa limeshafungwa. Nikaichukua, ikalala kwetu chini ya ngazi Jumamosi na Jumapili. Jumatatu nilikuwa na mtihani, kwa hiyo hata kuipeleka ghalani sikuipeleka mimi. Aliipakia garini mume wangu.

Sikutaka kulimaliza lile wazo, lakini wazo la aina hiyo linajimaliza lenyewe.

Mume wangu ni fundi wa meno. Kuna kliniki moja mjini ambako anatengeneza meno ya bandia na kuyavisha meno mabovu kofia. Anatengeneza kofia za kaure, za chuma, na kwa wateja wenye uwezo, za dhahabu. Anakaa mezani na tupa yake ndogo, anasugua mpaka jino likae sawa, na juu ya meza yake daima kuna vumbi.

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya mtu nisiyemjua.

Nikaanza kupanga ushahidi, na ulijipanga wenyewe. Tangu nirudi chuo huyu bwana amekuwa mwema mno. Alikuwa anapiga pasi koti langu la maabara. Alikuwa anawaogesha mapacha bila kuambiwa. Kila jioni swali ni hilo hilo, maabara wamejibu? Mimi mwenye mradi sikuwa nauliza hivyo. Nilikuwa nimeshamshuku mambo mengine kabisa, nikafika hadi ya kunusa kola za mashati yake. Kumbe nilikuwa nanusa mahali pasipo.

Nilimkuta jikoni anamenya vitunguu. Mapacha walikuwa bado shule. Nikasema moyoni, ngoja na mimi nitege wangu.

Nikatua mkoba, nikajichekesha, nikamwambia kuna habari njema: majibu yametoka, na dhahabu imeonekana.

Uso ulimng'aa kama wa mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

"Nilikwambia," akasema. "Nilijua ile mitatu ya chini haitakuangusha."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Baba Mapacha. Mimi sijataja mitatu. Wala sijataja ya chini."

Kisu kikasimama katikati ya kitunguu. Alijaribu kusema kwamba amekisia tu. Akatazama dirishani, akatazama sakafu, na mwisho akanitazama mimi, na machozi yakaanza kumtoka, na sikuweza kujua ni ya kitunguu au ya kwake.

Akasema yote. Jioni moja alinikuta nimeinamia beseni la vyombo nalia, nikisema kilima hakina kitu, miaka yangu imepotea. Lile lilimchoma. Hakujua afanye nini, yeye mambo ya miamba hayajui. Kisha mteja mmoja aliyekuwa akimtengenezea jino, mama mmoja mstaarabu mwenye kusikiliza, alimwuliza habari za nyumbani, naye akamsimulia. Yule mama akamwambia anazifahamu kidogo shughuli hizo. Mwanafunzi akirudisha mawe yasiyo na kitu, akasema, hufelishwa papo hapo. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema laiti kungepatikana hata chembe.

Na chembe mume wangu alikuwa nazo. Akakusanya vumbi la mezani, ambalo ni mali ya kliniki na wafanyakazi wamekatazwa kulitoa nje, akalileta nyumbani ndani ya karatasi ya sigara. Jumapili nilipowapeleka mapacha kwa bibi yao, akafungua mifuko.

Hasira niliyokuwa nayo, siwezi kuiandika yote. Nilimwambia kilima kisicho na kitu ni jibu kama majibu mengine. Nilitakiwa kusema kilichomo, basi. Kama hakina, naandika hakina, naeleza kwa nini, napewa alama zangu na kwenda zangu. Hakuna anayefelishwa kwa sababu Mungu hakuweka dhahabu mahali. Nani kamdanganya kitu cha kijinga namna hiyo?

Alikuwa amefunika uso kwa mikono. Kila nilichosema aliitikia ndiyo, ndiyo. Hata kugombana naye kukawa hakuna utamu.

Nilimpenda na nilitaka kumpiga, yote kwa pamoja. Niliposhindwa kuchagua, nikarudi kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo kimbilio langu.

"Ulitia mingapi?"

"Mitatu."

"Wamekuta mitano."

Akatoa mikono usoni. Akaapa kwa wanawe kwamba ni mitatu. Vumbi lenyewe lilikuwa dogo, lisingetosha zaidi. Na hakuchagua ovyo. Kila mfuko niliuandika kina chake, na yeye alinisikia siku moja nikisema kwamba kama tumaini lipo basi liko chini kabisa. Akachagua mitatu ya kina kirefu kuliko yote.

Mawe yangu ya mtego niliyaandika kana kwamba yalitoka juu juu, karibu na uso wa ardhi.

Nilimbana. Nilimwuliza kwa mbele na kwa nyuma, nilimwuliza kwa upole na kwa kufoka. Nawaambieni ukweli, nilitamani awe anadanganya. Kama angekuwa mwongo mambo yangeishia pale jikoni, na ningejua adui yangu analala upande gani wa kitanda. Lakini nimeishi na mtu huyu muda mrefu. Akidanganya masikio yanamwiva. Yalikuwa meusi kama kawaida.

Basi nikaipindua ile hoja ya Kamusi chini juu. Aliyetia dhahabu kwenye mitego si mtu asiyeijua. Ni mtu aliyeijua vizuri sana. Kati ya mifuko yote iliyojaa ghala, alifungua miwili tu, na miwili hiyo ndiyo pekee iliyoweza kuniangamiza. Huyo hakutaka nifaulu. Alitaka nishikwe.

Na waliojua mitego iko wapi walikuwa wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni msimamizi wangu, Profesa, naye ana ufunguo wa ghala.

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala. Mume wangu alishikilia kwamba lazima aje mbele ya kamati akiri. Nikamwambia akikiri amejifukuza kazi, kliniki haitamsamehe lile vumbi, na mimi nikiwa chuoni mishahara yetu yote ni mmoja, wake. Akasema wewe utafukuzwa kwa kosa langu. Nikasema mimi nina mdomo. Akasema mdomo wako ndio ninaouogopa. Tuliachana asubuhi bila kuagana, na nilimwacha kwa amri kwamba asitoke nyumbani.

Chumba cha kamati ni chumba cha kawaida, meza ndefu, viti vya plastiki, pazia lisilofika mwisho wa dirisha. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa sheria, mtu mkavu anayeuliza swali moja mara moja tu. Kulikuwa na wengine wawili walioandika bila kuinua vichwa. Profesa alikaa mwishoni mwa meza, mikono imekunjwa, uso wa mfiwa.

Niliambiwa nijieleze. Nikasema kilima hakina dhahabu. Nikasema hilo ndilo jibu la mradi wangu, na dhahabu iliyoonekana si ya kilima. Mwenyekiti akauliza kama Profesa ana la kusema.

"Ningependa sana kumwamini," Profesa akasema taratibu. "Lakini haliwezi kuthibitishwa. Fito zote zimesagwa. Kazi yote hii itabidi ifutwe, tubaki na tunachokijua tangu zamani."

Tunachokijua tangu zamani ni alichokiandika yeye. Hapo nikaona njia nzima, mwanzo hadi mwisho. Kama kazi yangu ingesimama, kilima chake kingeanguka. Kazi yangu ikifutwa kama kazi ya mwongo, hakuna atakayekigusa tena maisha yake yote, na shahidi pekee nilimsaga mimi mwenyewe huku Profesa akinitazama na kuniuliza hali ya mapacha.

Lakini kuona si kuwa na ushahidi. Ningesimama pale, mwanafunzi aliyeshikwa, nimshitaki Profesa kwa sababu ya tabasamu? Nilijaribu. Nikauliza, kama mimi ndiye mlaghai, kwa nini nitie dhahabu kwenye mtego wangu mwenyewe?

Mwenyekiti aliacha kuandika. Swali lilimpendeza. Akamgeukia Profesa.

"Mtu aliyesahau kutunza nusu ya mwamba," Profesa akajibu, "anaweza kusahau na mtego wake. Ni mhandisi. Tulimpokea kwa huruma."

Wale wawili wakaandika hilo. Nilisikia kalamu zao.

Mwenyekiti akaniuliza nani aliyeibeba mifuko kutoka bandani hadi ghalani.

Nikisema mume wangu, nimejiokoa nusu, na yeye nimemzika mzima. Nisiposema, naondoka na jina la mwongo. Mwenyekiti akaniambia kwamba kunyamaza nako kutaandikwa.

"Sema tu, mwanangu," Profesa akasema kwa sauti ile ya mama. "Kama kuna mtu wa nyumbani aliyekusaidia, sema. Tutamwelewa."

Nikashtuka. Nilikuwa sijataja nyumbani. Mbele ya kamati, na hata ofisini kwake, sijawahi kusema mifuko ile ililala kwangu. Kwa alivyojua Profesa, niliitoa bandani nikaipeleka ghalani mimi mwenyewe. Nikageuka nimwulize kajuaje, na kabla sijapata neno, mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja.

Mume wangu. Amevaa shati lake la sikukuu, kofia mkononi. Nilimkata jicho lenye kila tusi ninalolijua. Hakuniangalia. Alimwangalia mwenyekiti, akaomba radhi kwa kuingia bila kuitwa, akasema yeye ndiye aliyeibeba mifuko na ana jambo la kukiri.

Mwenyekiti akamwonyesha kiti. Mume wangu akazunguka meza kukifuata, na alipofika mwishoni akasimama. Uso ukamlegea kwa tabasamu la mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Shikamoo, mama. Kumbe na wewe uko huku? Lile jino limetulia?"

Mkono wa Profesa ulikuwa umepanda shavuni bila yeye kujua.

Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza kama wanafahamiana.

"Hapana," Profesa akasema. "Amenifananisha."

Mume wangu akacheka kidogo, kwa haya, kama anavyocheka wateja wakimsahau. Masikio yake yalikuwa meusi kama kawaida.

"Mama, umesahau? Ni mimi. Si ulikuja mwenyewe ukaomba nikuhudumie mimi na si mwingine, ukaniuliza hali ya mapacha kabla sijakwambia kama nina watoto?"